Tembeeni Mtazame: Siku Moja katika Mji wa Iringa

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Sisi watu wa mwambao tumezoea kuhadithiana khabari za bandari. Mtoto wa Lamu, wa Mvita, wa Pangani au wa Unguja hukua akisikia Maskati, Aden na Jidda kama asikiaye majina ya mitaa ya jirani. Waliosoma zaidi wamesikia pia khabari za Iskandaria na Tanja, na wanajua kuwa katika mji huo wa Tanja, penye mlango wa Bahari ya Kati, ndipo alipozaliwa Ibn Battuta, Mungu amrehemu, aliyetembea dunia hata akafika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mtu yule alikuwa hodari wa kutazama. Akifika mji husali na wenyeji, hukaa na wanavyuoni wao, huuliza wanakula nini na wanahukumiana vipi, kisha huyahifadhi. Kwa sababu yake leo twajua kwamba watu wa Kilwa wa zama zile walikuwa watu wa dini, na kwamba sultani wao, Abul-Mawahib al-Hasan, alisifika kwa ukarimu.

Lakini katika khabari hiyohiyo mna jambo jingine ambalo sisi hulipita upesi. Ibn Battuta asimulia kuwa sultani yule alikuwa akienda mara kwa mara kupigana katika nchi za bara na kurudi na ngawira. Basi fahamu, karibu miaka 700 iliyopita mji wa bandari ulikuwa na milango miwili: wa mbele unaotazama bahari, na wa nyuma unaotazama bara. Mlango wa mbele tumeuchonga nakshi na kuusifu. Huu wa nyuma ndio ninaokuomba tupite leo, mimi na wewe, taratibu, kwa mwendo wa siku moja.

Nilialikwa Mbeya kuhudhuria khitma ya wanafunzi wa madrasa. Kwa kuwa njia ni ndefu na mifupa yangu si ya jana, nikaazimia kuikata safari Iringa na kupumzika siku nzima. Jirani yangu aliposikia alicheka. Akaniambia, "Sheikh, Iringa kuna nini cha kutazama? Kule ni baridi na viazi tu." Sikumjibu. Nikasema moyoni, tutaona.

NJIA YA KUPANDA

Kutoka Dar es Salaam hata Iringa ni kiasi cha kilomita 500. Basi hupita Morogoro, hukata mbuga ya Mikumi, kisha huingia bonde la mto Ruaha Mkuu lililojaa mibuyu, mpaka mtu wa pwani akadhani bado yuko kwao. Baadaye huja Kitonga. Barabara hujikunjakunja ubavuni mwa mlima, malori hupanda kwa kuugua, na upepo wa dirishani hugeuka. Aliyevaa kanzu nyepesi huanza kuulizia koti lake.

Sisi hupanda mlima ule tumekaa vitini, na bado twalalamika. Misafara ya wazee wetu iliyotoka Bagamoyo na Kilwa ilikwenda kwa miguu, wiki baada ya wiki. Ilipanda na nguo, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Iliteremka na pembe za ndovu, na iliteremka na watu waliotekwa. Liweke neno hili la mwisho mahali pake, maana tutalirudia.

Kabla ya kufika mjini, si mbali na barabara, pana mahali paitwapo Lugalo. Mkazi wa Dar es Salaam hulijua jina hili kwa ajili ya kambi ya jeshi na hospitali yake. Wachache huuliza lilikotoka. Nami nakwambia, ukitaka kuifahamu Lugalo ya Uhehe, huna budi kwanza urudi nami Pangani.

Mwaka 1888 Sayyid Khalifa, sultani wa Unguja, aliikodisha pwani ya bara kwa kampuni ya Wadachi, kama wazee wetu walivyowaita Wajerumani. Wakala wa kampuni hiyo mjini Pangani aliitwa Emil von Zelewski. Watu wa pwani walimpa jina la Nyundo, na jina hilo lilimstahiki. Mwezi wa Agosti mwaka ule, katika siku za Idi ya Kuchinja, askari wa manowari waliteremshwa Pangani kumsaidia, wakaingia msikitini pamoja na mbwa, wakimtafuta liwali. Bendera ya sultani nayo ikateremshwa. Mambo hayo yaliwasha moto pwani nzima. Abushiri bin Salim al-Harthi akasimama kupigana, na Bwana Heri akasimama kule Saadani. Mwisho wake waujua. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Nyundo hakufa katika vita vile. Mwaka 1891 alipewa kikosi kikubwa apande kuwatiisha Wahehe. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti, msafara wake mrefu ulipokuwa ukipita Lugalo, Wahehe waliojificha vichakani na penye miamba waliinuka kwa mikuki. Haukupita muda mrefu. Walikufa Wazungu 10, yeye mwenyewe akiwa mmojawao, na askari wapatao 250, na wapagazi karibu 100.

Basi tazama, ndugu msomaji. Yule aliyewadhalilisha Waislamu wa Pangani siku za Idi, miaka mitatu baadaye, Agosti kwa Agosti, aliuawa na watu wa milimani ambao wengi wetu tungewaita washamba. Wahehe hawakupigana kwa ajili ya Pangani; walipigana kwa ajili ya nchi yao. Lakini nyundo ilikuwa ni moja, nasi na wao tulikuwa juu ya fuawe moja.

Hata hivyo usiharakie kushangilia. Wakumbuke wale wapagazi. Hawakuwa na ugomvi na mtu. Walikuwa maskini waliobeba mizigo ya wenziwao kwa ujira mdogo. Vitabu vimehifadhi majina ya Wazungu waliokufa siku ile. Majina ya wapagazi anayajua Aliyewaumba.

ALFAJIRI NA SOKONI

Mji wa Iringa uko juu ya kilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na chini yake hupita mto Ruaha Mdogo. Nilifika jioni nikalala. Alfajiri nilipotia udhu, maji yalikuwa ya baridi hata vidole vikafa ganzi, nikakumbuka kuwa Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kwamba kutia udhu kamili wakati wa mashaka ni katika mambo yanayofuta madhambi. Sisi wa pwani fadhila hiyo hatuipati kwa urahisi! Nikasali jamaa na watu waliojifunika mablanketi na makoti mazito. Imamu alisoma kwa tajwidi nzuri, na baada ya sala mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka kwake kunywa chai ya tangawizi, hali hanijui kwa jina wala kwa ukoo. Akanifundisha kuamkia kwa Kihehe: "Kamwene." Na jibu lake ni lilo hilo.

Tulipotoka kwake jua lilikuwa limepanda, tukashuka sokoni polepole. Viazi vipo, jirani yangu hakusema uwongo. Na maharage ya kila rangi, na nyanya na vitunguu. Lakini kilichonisimamisha ni vikapu. Wanawake wa Kihehe husuka vikapu kwa milulu, mmea wa majimaji, wakavibana hata vikashikana kama kitambaa. Mama mmoja alinionyesha namna ya kuanzia kitako. Nikawakumbuka mama zetu wa Unguja na Pemba na ukili wao, na kazi zile zile za vidole. Nilinunua kimoja kwa ajili ya nyumbani.

Penye kona tulikaribishwa kinywaji. Nikauliza kwanza, maana Iringa ina ulanzi, utomvu wa mianzi unaochacha ukawa pombe. Mwenye duka akacheka akasema, "Usiogope, Shehe, hii ni togwa, ya leo leo." Nikanywa, nikamshukuru Mungu. Msafiri huuliza kabla hajakataa, na huuliza kabla hajanywa.

Mzee wangu akanieleza asili ya jina la mji. Wahehe huita ngome lilinga, na Wadachi walipolitamka likawa Iringa. Wala Iringa ya kwanza haikuwa hapa. Ilikuwa Kalenga, mji mkuu wa Mkwawa, mwendo wa kilomita kama 15. Wadachi walipokwisha kuivunja ngome ile waliuhamishia mji wao juu ya kilima hiki mwaka 1896.

BOMA NA MAKABURI

Kabla ya adhuhuri nilizuru Boma. Jengo hili Wadachi walilijenga mwaka 1900 liwe hospitali ya jeshi. Waingereza waliokuja baadaye walilifanya ofisi ya utawala. Tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Kuta zake ni nene, madirisha yana matao, na ndani mmewekwa vyombo vya wenyeji, ngoma, mikuki, na picha za zamani. Nilipita chumba baada ya chumba nikawaza: nyumba hii ilijengwa ili mwenyeji aingie kwa hofu, na leo watoto wa shule huingia humo wakicheka na madaftari yao mkononi. Hayo ni katika mabadiliko ya siku, ambayo Mwenyezi Mungu huzizungusha baina ya watu apendavyo.

Mjini pia pana makaburi ya askari waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliiteka Iringa mwishoni mwa Agosti 1916. Mawe yamepangwa safu, nyasi zimekatwa, na kila jiwe lina jina. Ni jambo jema kuwatunza maiti, wala siwalaumu. Lakini vita vile vilibebwa juu ya vichwa vya wapagazi wa Kiafrika, waliochukuliwa kwa hiari na kwa nguvu, nao walikufa makumi ya maelfu kwa njaa, maradhi na uchovu. Wengi walizikwa kando ya njia pasipo alama. Wewe ukaaye Dar es Salaam hutaja kumbukumbu yao kila siku bila kujua, kwa kuwa mtaa wa Kariakoo umepata jina lake kutokana na kambi ya kikosi cha wapagazi hao, Carrier Corps.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Nikasali kwa kupunguza, kama alivyoruhusiwa msafiri, nikaleta na alasiri pamoja nayo, kisha nikapanda gari kwenda Kalenga.

KALENGA

Kalenga ya leo ni kijiji kitulivu karibu na mto, chenye mashamba ya mahindi. Zamani palikuwa na ukuta mkubwa wa mawe, nyumba nyingi, na ghala za pembe na baruti. Munyigumba, aliyeunganisha koo za Wahehe, alifariki mwaka 1879, na baada ya mapigano ya kugombea urithi akatawala mwanawe Mkwavinyika, aliyejulikana kwa jina la Mkwawa.

Sitaki nikupambie. Mkwawa alikuwa shujaa, na alikuwa pia mfalme mkali. Aliwashambulia jirani zake, Wabena, Wagogo na Wasangu. Merere, mtawala wa Wasangu, ambao nchi yao leo iko katika mkoa wa Mbeya, alisukumwa na Wahehe hata akahama kwao akajenga Utengule, karibu na mahali ulipo mji wa Mbeya sasa. Ndiyo maana Wadachi walipokuja, Wasangu walishirikiana nao dhidi ya Wahehe. Aliyekutesa jana hukufanya umwone adui yake wa leo kuwa rafiki. Hapa pana fundisho kwa kila mwenye nguvu: dhulma umtendayo jirani ni tundu utakaloingiliwa nalo.

Tarehe 30 Oktoba 1894 Wadachi waliingia Kalenga kwa mizinga. Ukuta ambao Mkwawa aliuamini ulibomoka. Yeye hakukamatwa. Akakaa porini miaka minne akipigana kwa kuvizia, raia wake wakimficha na kumlisha, ingawa kichwa chake kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezungukwa, alijipiga risasi. Dini yetu imekataza mtu kujiua, na hukumu ya Mkwawa iko kwa Mola wake. Si yangu wala yako. Ninalotaka ulitazame ni lile walilolifanya waliomkuta. Walikata kichwa chake wakakichukua. Kiwiliwili kilizikwa Mlambalasi, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Nawe wajua, ndugu msomaji, tulivyofundishwa juu ya maiti. Huoshwa kwa upole, hufunikwa uchi wake, huharakishwa kuzikwa, wala kaburi halikaliwi. Mtume (s.a.w.) ametufahamisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja angali hai. Na lilipopitishwa jeneza la Myahudi mbele yake alisimama, na alipoambiwa ni la Myahudi, alijibu kwa kuuliza kama huyo naye si nafsi. Basi heshima ya maiti haianzi kwa dini yake. Inaanza kwa kuwa Mungu amemuumba binadamu akamkirimu.

KIFUNGU CHA 246

Sasa sikiliza khabari ambayo Waislamu wengi hawajaisikia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mataifa yaliyoshinda yaliandikiana na Ujerumani mkataba mjini Versailles, Juni 1919. Mkataba ule una vifungu zaidi ya mia nne vya mipaka, majeshi na fidia. Katika kifungu cha 246 mmeandikwa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hijazi msahafu wa Khalifa Othman (r.a.), uliosemekana kuwa Waturuki waliutoa Madina na kumpa Kaizari. La pili, Ujerumani ikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Yote mawili ndani ya miezi sita.

Msahafu uliotoka Madina, na kichwa cha mtu wa Kalenga, mstari kwa mstari! Walioandika walikuwa na siasa zao, na hawakuwa wakiwapenda Wahijazi wala Wahehe. Hata hivyo waliweka pamoja vitu viwili vilivyo amana, ambavyo aliyevichukua hakuwa na haki navyo. Na amana, umri wake ukiwa mrefu namna gani, hurejea kwa wenyewe.

Miezi sita ikawa miaka 35. Wahehe hawakuacha kudai. Hatimaye Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu yapata 2,000, na katika hayo 84 yametoka Afrika Mashariki ya Kidachi. Akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi Kalenga kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Wapo wataalamu wanaotia shaka kama ndilo lenyewe. Wahehe walilipokea, na machozi yao siku ile hayakuwa na shaka.

Na huyu Adam Sapi alikuwa Muislamu. Ndiye aliyekuwa Spika wa Bunge letu tangu mwaka 1962 hadi 1973, na tena tangu 1975 hadi 1994. Angalia njia za Mungu. Dini iliyopanda mlima pamoja na wafanya biashara, wapagazi na askari, iliingia hata katika nyumba ya wafalme wa Uhehe, na mjukuu wa mtu aliyekatwa kichwa akaitwa kwa jina la Nabii Adam, baba wa watu wote, akakalia kiti cha kuwasikiliza wawakilishi wa taifa zima.

SWALI LA KIJANA

Fuvu lenyewe liko katika jumba dogo la makumbusho, ndani ya sanduku la kioo. Nilisimama mbele yake nikainamisha macho. Sikupiga picha. Kijana aliyetuongoza alieleza vizuri, kwa adabu. Alipomaliza, kwa kuwa aliona kofia yangu na kanzu yangu na akajua nimetoka pwani, aliniuliza kwa upole:

"Shehe, fuvu la Mkwawa limerudi. Na wale watu wa huku waliouzwa pwani, mifupa yao iko wapi?"

Wallahi, sikuwa na jibu la haraka. Mate yalinikauka. Jawabu rahisi nililijua: kwamba wafalme wa bara nao waliuza mateka wao, kwamba Wazungu nao walinunua, kwamba mambo yale yalikuwa ya zama zile. Yote hayo ni kweli, wala hakuna moja kati yake linalojibu swali aliloniuliza. Nikamwambia, "Mwanangu, wengine wamezikwa katika mashamba yetu ya minazi na mikarafuu. Wengine wamo katika damu yetu, nasi twaona haya kusema."

Kijana aliitikia kwa kichwa, akanifungulia mlango.

Tangu siku ile swali lile limekaa nami. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, wakati wa Sayyid Barghash, na mahali pake, Mkunazini, pakajengwa kanisa la Waanglikana. Je, tumejiuliza kwa nini ukumbusho ule ukashikwa na wengine? Dini yetu imefanya kuacha huru mtumwa kuwa ibada na kafara. Imemtangaza anayemuuza mtu huru akala thamani yake kuwa ni katika wale ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Na wengi wa walioteremshwa Kitonga na njia za Kilwa walikuwa watu huru waliotekwa vijijini mwao usiku. Ikiwa sheria ilikuwa wazi hivyo, basi waliotenda walitenda kinyume chake, hata wakiwa walisali safu ya kwanza, hata wakiwa ni babu zetu. Kuwatetea kwa sababu ni wetu ni 'asabiyya, na Uislamu umeikataza. Tumeamrishwa kusema haki ijapokuwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu.

Haya nayasema kwa sababu nasi ni wadai. Katika utafiti uliomalizika Berlin mwaka 2023, mafuvu zaidi ya 1,000 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kidachi yalichunguzwa, na mwaka huohuo Rais wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa vita vya Maji Maji. Wachagga bado wanakitafuta kichwa cha Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900. Haki ni yao, na tuwaunge mkono. Lakini mtu anayemwambia Mdachi, "Rudisha ulichochukua," sharti aweze kusimama mbele ya kijana wa Kalenga na kumtazama usoni.

JIWE LINALOSEMA

Nilirudi mjini jua likiwa linateremka, nikapanda Gangilonga, jabali kubwa lililo juu ya mji. Jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalosema, na wenyeji husimulia kuwa Mkwawa alikuwa akikaa pale kufikiri. Kutoka juu utaona mabati ya nyumba, minara ya misikiti na misalaba ya makanisa, na mbali milima ya rangi ya bluu. Niliketi nikipumua kama mzee nilivyo. Sikulisikia jiwe likisema. Lakini siku nzima ilikuwa imesema, nami nakufikishia niliyoyaelewa.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kitabu Chake tutembee katika ardhi tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Hakutuambia tutazame bandari peke yake. Mtoto wako akipata nafasi ya kusoma au kufanya kazi Iringa, Mbeya au Songea, usimwage kama umpelekaye gizani. Mwambie, "Nenda ukatazame, ukaulize, ukawasalimu watu kwa lugha yao."

Pili, tuyafute majumbani mwetu maneno tuliyoyarithi ya kuwaita watu wa bara washenzi. Mtume (s.a.w.) katika Hija yake ya mwisho alitangaza kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiyekuwa Mwarabu ila kwa ucha-Mungu. Mzee aliyenipa chai alfajiri hakuniuliza kabila, na neno "mshamba" halimfai mtu wa tabia ile. Lingenifaa mimi, niliyefika umri huu bila kuijua nchi yake.

Tatu, wewe mzee uliyebakiwa na kumbukumbu, waeleze wajukuu ukoo wote, si upande wa waliokuja kwa jahazi tu. Kama bibi wa bibi yako aliletwa kwa mnyororo kutoka nchi za maziwa, litaje jina lake ikiwa lajulikana, mwombee, umtolee sadaka. Hakutenda kosa hata asitajwe. Kutajwa huko ndiko kaburi tunaloweza kumjengea leo.

Magharibi ikaadhiniwa kutoka misikiti ya chini, sauti moja ikifuata nyingine, na baridi ikaanza kushuka. Nikateremka taratibu, nikishika mawe. Asubuhi yake nilipanda basi la Mbeya. Na niliporudi nyumbani jirani yangu aliniuliza, "Ehe, Sheikh, umeona nini Iringa?" Nikampa kile kikapu cha milulu akishike, nikamwambia, "Kaa kitako. Ni khabari ndefu, na nusu yake ni yetu."

Mwenyezi Mungu awarehemu waliozikwa wakajulikana, na waliozikwa wasijulikane, na atujaalie kuwa watu wa haki kwa wengine kama tunavyopenda kufanyiwa haki sisi. Amin.

Wabillahi tawfiq.